Bosi anataka barua pepe zote zihamie seva mpya ndani ya wikendi moja

Shikamoo dada,

Mimi ni afisa TEHAMA, tena niko peke yangu, katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Tuko watu kama 60. Wengi tuko makao makuu, wengine wako karibu na bandari, na wachache wako Tunduma wakifuatilia malori yanayokwenda Zambia na Lubumbashi. Kazi yetu yote inapita kwenye barua pepe: hati za shehena, ankara, D.O. (hati za kuruhusu mzigo utolewe) za mashirika ya meli, maswali ya TRA, na malalamiko ya wateja kontena likichelewa kutoka.

Tangu kampuni ianze, barua pepe zetu zimekuwa kwa kampuni inayohifadhi tovuti yetu. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo aliyenitangulia aliwaunganisha karibu wote kwa POP, njia inayoshusha barua kwenye kompyuta ya mtu, ndani ya programu ya Outlook ili masanduku yasijae. Sasa bosi amekodi seva yetu wenyewe katika kituo cha data hapa mjini, na fundi wa nje ameshaisimika. Inawaka, nimejituma barua ya majaribio na imefika.

Shida ni namna ya kuhama. Bosi anataka tuanze Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu saa kumi na moja jioni, na Jumatatu saa mbili asubuhi kila mtu awe kwenye seva mpya, kwa sababu mkataba wa kule tuliko unaisha na hataki kulipia mwezi mwingine. Fundi naye amesema nimwandalie faili la Excel lenye majina na nywila za wafanyakazi wote, atanakili barua mwenyewe kutoka seva hadi seva usiku wa Jumamosi. Nikauliza kama kuna hatari ya kupotea kitu, akasema hakuna.

Mama mhasibu wetu amekataa kabisa. Amesema kompyuta yake haiguswi. Ana barua za zaidi ya miaka kumi, na ameniuliza mbele ya watu: "Zikipotea, TRA utawajibu wewe?" Nilikosa jibu. Wenzangu wengine wameanza kumfuata.

Kuna jambo la mwisho ambalo sijamwambia mtu. Bosi aliniita pembeni akaniambia, kwa kuwa nitakuwa na nywila za wote, nimtazamie barua za afisa mmoja anayemshuku kuwapeleka wateja wetu kwa mshindani. Nisimwambie mtu yeyote. Dada, hii ni ajira yangu ya kwanza ya kudumu na ninaihitaji. Lakini huyo afisa tunakula naye mchana, na hata kama nisingekuwa namfahamu, moyo wangu unakataa.

Nifanye nini?

Afisa TEHAMA, Dar es Salaam

—

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na mama mhasibu, kwa sababu kati ya wote uliowataja yeye ndiye aliyeliona tatizo lilipo, ingawa hakulisema kwa lugha ya kompyuta. Usimhesabu kama mkaidi.

Umeandika kwamba watu waliunganishwa kwa POP. Njia hiyo ilitengenezwa enzi ambazo nafasi kwenye seva ilikuwa ghali na mtu aliunganisha intaneti kwa dakika chache tu. Programu inachukua barua kutoka kwenye seva, inaziweka kwenye kompyuta, kisha inazifuta kule zilikotoka, isipokuwa aliyeunganisha awe ameweka alama ya kuacha nakala. Outlook za miaka ya karibuni huacha nakala kwa siku 14, kisha hufuta. Na POP huchukua tu barua zilizoingia kwenye kikasha. Barua ambazo mhasibu wenu alizituma, majibu yake kwa TRA, kwa benki na kwa wateja, zimo kwenye kompyuta yake tu na huenda hazijawahi kukaa kwenye folda yoyote ya seva.

Fikiria basi kitakachotokea Jumamosi hiyo usiku. Fundi atanakili kutoka seva ya zamani kwenda mpya, na programu yake itamwonyesha kwamba kila kilichokuwepo kimehama bila kosa hata moja. Itakuwa kweli. Ila kilichokuwepo ni wiki mbili za barua zilizoingia, na miaka kumi imebaki kwenye kompyuta zilizo juu ya meza zenu. Jumatatu mtu ataunganishwa upya, atafungua sanduku jipya, atalikuta karibu tupu, na hapo ofisi nzima itakugeukia wewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa bosi wako ni kwamba wikendi moja inatosha kugeuza njia ya barua. Haitoshi kuhamisha barua zenyewe. Hizo ni kazi mbili, na ya kuhamisha inaanza wiki kadhaa kabla.

Anza kwa kupita meza kwa meza na daftari. Kwa kila mtu andika kama ni POP au IMAP (njia inayoziacha barua kwenye seva), faili lake la PST, ambamo Outlook hutunza barua, liko wapi, lina ukubwa gani, na simu yake imeunganishwa namna gani. Utashangaa utakayoyakuta. Kuna mtu atakuwa na mafaili matatu ya PST kwa sababu kompyuta yake ilibadilishwa mara mbili. Kuna kompyuta ya mfanyakazi aliyeacha kazi iko stoo, na ndani yake mna mawasiliano yote na mteja mkubwa. Tazama ukubwa kwa makini: Outlook kuanzia toleo la 2010 huweka kikomo cha GB 50 kwa faili la PST, na mafaili ya muundo wa zamani kabisa, wa kabla ya 2003, hugoma yakifika GB 2 na yanaweza kuharibika. Ukikuta faili limekaribia kikomo chake, hilo ndilo la kushughulikia kwanza.

Kila PST inakili Outlook ikiwa imefungwa, kwenye diski mbili tofauti, na moja kati ya hizo isilale jengo moja na kompyuta hizo. Zifunge kwa nywila, maana diski hizo zitakuwa na siri zote za kampuni. Faili likigoma kufunguka, programu ya ScanPST inayokuja na Outlook hulirekebisha mara nyingi, lakini iendeshe juu ya nakala, kamwe usiiendeshe juu ya faili asili. Wala usiyaweke mafaili haya kwenye folda ya mtandao wa ofisi ili watu wayafungue kutokea huko. Microsoft wenyewe wanakataza, na nimeona mafaili mengi yakifa kwa njia hiyo.

Kwenye daftari hilo hilo andika pia vitu vinavyotuma barua ambavyo si watu. Printa inayoskani hati na kuzituma. Mfumo wa uhasibu unaopeleka ankara. Fomu iliyo kwenye tovuti yenu. Andika anwani zisizo na mwenyewe, zile za info na ankara na oparesheni, na ujue kila moja inamwangukia nani. Hivi ndivyo vinavyosahaulika, na hugundulika wiki tatu baadaye mteja anapouliza mbona hakutumiwa ankara.

Sasa kunakili. Hapa sina ugomvi na fundi wako kuhusu chombo, nina ugomvi na ratiba yake. Programu kama imapsync hunakili sanduku kutoka seva moja hadi nyingine huku ya zamani ikiendelea kufanya kazi, na ukiiendesha tena hulinganisha barua zilizopo na kuchukua mpya tu, bila kurudufu. Maana yake mnaweza kuanza kunakili wiki mbili kabla, bila mtu yeyote kusumbuliwa, mkarudia kila usiku, na siku ya kuhama ikabaki mizigo midogo ya siku hiyo. Hakikisheni tarehe za barua zinabaki zilivyokuwa. Mtu akiburuta barua kwa mkono toka folda hadi folda, wakati mwingine zote hutua na tarehe ya leo, na barua isiyo na tarehe yake halisi ni ushahidi uliopungua thamani.

Yale mafaili ya PST hayana njia ya mkato namna hiyo. Yatapanda kutoka ofisini kwenu, na hapo inabidi upige hesabu. Laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, ikitumika yote bila kushirikiana na mtu, hupandisha kama GB 4.5 kwa saa. Mkiwa na GB 400 za mafaili, hizo ni karibu siku nne, mchana na usiku, na ofisi isifanye kingine. Kwa hali halisi ni zaidi ya wiki. Njia nafuu ni kubeba diski hadi kituo cha data, maana seva yenu iko mjini hapa hapa. Ombeni ruhusa ya kuingia, diski ichomekwe pale pale. Nusu siku ya foleni barabarani itakuokolea wiki nzima.

Na kuna mzigo wa pili ambao hakuna anayeukumbuka. Jumatatu asubuhi kila Outlook itaanza kushusha barua zote kutoka seva mpya, watu 60 kwa pamoja. Weka ishushe za miezi michache tu, nyingine zibaki kwenye seva zitafutwe zikihitajika. Wale wa Tunduma, kama wanatumia ruta ya simu na kifurushi, waandalie mapema, la sivyo kifurushi cha mwezi kitaisha kabla ya chai ya saa nne na malori yatasimama mpakani yakisubiri hati zilizokwama kwenye barua.

IMAP hubeba barua na folda. Haibebi anwani za watu, kalenda, kanuni za kupanga barua, wala sahihi ya mwisho wa barua. Na ile orodha inayojitokeza mtu anapoanza kuandika herufi mbili za jina, kwa wengi ndiyo kitabu chao pekee cha anwani. Ukimfungulia mtu wasifu mpya kwenye Outlook bila kuihamisha, atakuambia umempotezea wateja, na kwa upande wake atakuwa sahihi.

Turudi kwa mama. Usimwombe akuamini. Kaa naye, funga mlango, mwambie achague barua kumi ambazo akizikosa hatalala usiku. Zitakuwa za TRA, za benki, labda ya mteja aliyekataa kulipa. Ziandike tarehe na mada. Kisha hamisha nakala ya barua zake kwenye seva mpya, kompyuta yake ikiwa vilevile haijaguswa, na umwite azitafute mwenyewe zote kumi, pamoja na viambatisho vyake, avifungue. Akizipata, muulize tena barua nyingine. Mkimaliza hapo utakuwa umepata mtetezi ambaye ofisi nzima inamsikiliza. Asipozipata, utakuwa umejua sasa, wakati kila kitu bado kipo. Ana haki ya kuuliza, kwa maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 5, na siku mkaguzi atakapokuja, maelezo kwamba seva ilibadilishwa hayatamsaidia mtu. Fanya jaribio hilo la barua kumi kwa kila mtu, hata kama kwa wengine ni barua tatu.

Kuhusu Excel ya nywila: hapana. Usiiandae. Faili hilo litakaa kwenye kompyuta ya fundi, kwenye barua utakayomtumia, na kwenye simu yake, na hakuna siku litakapofutwa kote. Watu wengi hutumia nywila moja kwa barua ya kazi, kwa benki na kwa mitandao, kwa hiyo utakuwa umegawa zaidi ya ulichonacho. Tena haihitajiki. Kama seva ya zamani inasimamiwa kwa programu ya cPanel, akaunti nzima inaweza kuhamishwa na msimamizi bila kujua nywila ya mtu hata mmoja. Kwenye seva zinazotumia Dovecot, programu ya kutunza masanduku ya barua, kuna akaunti ya msimamizi inayoruhusiwa kufungua masanduku yote kwa ajili ya kazi kama hii, na inafungwa kazi ikiisha. Na kama wenye seva ya zamani watakataa kusaidia, wewe mwenyewe wawekee watu nywila za muda kwa kundi dogo dogo, nakilini, kisha kila mmoja ajiwekee mpya. Fundi anayedai hawezi bila orodha ya nywila mwombe aeleze kwa maandishi kwa nini. Mara nyingi swali hilo linatosha.

Sasa lile ulilolificha.

Kampuni ina haki ya kuchunguza mfanyakazi inayemshuku. Barua za kazi zilizo kwenye mfumo wa kampuni zinaweza kuwa sehemu ya uchunguzi huo. Lakini uchunguzi una njia yake: unaamriwa kwa maandishi, sababu inatajwa, rasilimali watu na mwanasheria wanahusishwa, na wanaosoma wanajulikana. Kijana mmoja kutumwa pembeni, usiku, kwa kisingizio cha kuhama seva, si njia. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda mawasiliano binafsi ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo halali na lililo wazi. Mfanyakazi aliyeambiwa "tunahamisha barua zako" hajaambiwa "tunazisoma". Na jambo likifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, watauliza nani alifungua sanduku, lini, kwa idhini ya nani. Jina litakalotajwa ni lako. Hakuna maandishi yoyote yanayoonyesha kwamba bosi alikutuma.

Mwambie bosi hivi, kwa adabu, na ikiwezekana mkiwa wawili tu: "Mzee, kama kuna uchunguzi, mimi kazi yangu ni kuhakikisha hakuna barua hata moja inayofutwa wala kubadilika. Nitatunza nakala kamili ya sanduku lake kama ya kila mtu. Ukipata ushauri wa mwanasheria na barua ya maelekezo, nakala ipo. Nikiigusa kabla, wakili wake atasema nimeichezea." Hapo hujamkatalia haki yake. Umemlinda asiuharibu ushahidi wake mwenyewe, kama kweli upo. Baada ya mazungumzo hayo mwandikie barua fupi ya kumbukumbu ya mlichokubaliana, bila kumtaja afisa huyo kwa jina. Na usimdokeze mwenzako chochote mezani wakati wa chakula. Najua ni mzigo. Lakini ukimdokeza akafuta barua, utakuwa umeingia upande ambao hukuuchagua, na kama hana hatia utakuwa umemtia hofu bure.

Siku ya kugeuza njia ni ya kiufundi zaidi na haina uzito ule, nitaipitia upesi. Rekodi ya MX ndiyo inayoieleza dunia barua za domeini yenu (jina lililo baada ya alama ya @) zipelekwe seva ipi, na kila rekodi ina muda wa kukumbukwa na seva nyingine, TTL. Mara nyingi imewekwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Siku mbili kabla, ishushe iwe 300, ili ukigeuza dunia ijue ndani ya dakika chache, na ukiona mambo yameharibika uweze kurudi upesi hivyo hivyo. Hata hivyo kuna seva zitakazoendelea kuleta barua kwenye ile ya zamani kwa muda. Ndiyo maana ya zamani lazima ibaki inapokea, na nakala ya mwisho ifanyike baada ya kugeuza.

Elewa jambo hili vizuri. Seva mpya ikizima kwa muda wa saa mbili, barua hazipotei. Seva inayotuma huziweka foleni na kujaribu tena, na kanuni za SMTP, zinazoongoza utumaji wa barua pepe, zinataka ijaribu kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa, ingawa wapo wanaoacha mapema. Kinachoua barua ni seva kujibu kwamba mtu huyo hayupo. Jibu hilo, la msimbo 550, ni la mwisho, na mtumaji hurudishiwa barua papo hapo. Kwa hiyo usifute sanduku lolote kwenye seva ya zamani, na usigeuze MX kabla kila anwani, zile zisizo na mwenyewe pia, haijaumbwa kwenye mpya.

Na tovuti yenu inabaki kwenye seva ya zamani, sivyo? Basi fomu yake itaendelea kudhani masanduku ya domeini yenu yako pale pale, na itaziacha mule barua za wateja wapya bila mtu kuzisoma. Kwenye cPanel kuna sehemu ya kuieleza seva kwamba barua za domeini hii sasa ziko kwingine. Ibadilishe siku hiyo hiyo.

Ukishageuza, hakikisha barua zenu zinapokewa na wengine. Seva mpya ina anwani ya IP isiyojulikana na mtu, na isiyojulikana hutiliwa shaka. Mwombe mwenye kituo cha data aweke rekodi ya kurudi nyuma, PTR, inayotaja jina la anwani hiyo ya IP, ilingane na jina la seva. Rekodi ya SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini yenu, iwe moja tu, ikitaja seva mpya pamoja na ile ya tovuti. Ukiweka mbili, zote zinahesabiwa batili. Washa DKIM, saini ya kidijitali inayowekwa kwenye kila barua. DMARC, inayowaeleza wapokeaji wafanye nini na barua zisizothibitika, ianze kwa kutazama tu, bila kukataza, mpaka uone ripoti za wiki kadhaa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila anayetuma awe na SPF au DKIM, na wateja wenu wengi, nina hakika, wako Gmail. Jaribu kutuma kwa Gmail, kwa Yahoo na kwa Outlook ya nyumbani, utazame kama imeangukia kwenye taka.

Usianze na watu 60. Chukua watano au sita: mmoja wa oparesheni, mmoja wa Tunduma, mmoja anayefanya kazi kwa simu tu, na mama mhasibu akikubali. Bosi asiwe wa kwanza. Wafanyishe kazi ya kawaida siku chache kwa sanduku la majaribio kwenye seva mpya, wakuonyeshe kinachokwama.

Tarehe pia nabishana nayo. Mwisho wa mwezi mhasibu ana mishahara, tarehe 7 ana PAYE, kodi ya mishahara, tarehe 20 ana ritani ya VAT. Ijumaa iliyo kati ya tarehe 8 na 15 ndiyo yenye nafuu. Na huo mwezi ambao bosi hataki kuulipia, mwambie ailipie hata mitatu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Gharama ya kuhifadhi barua kwa miezi mitatu ni ndogo kuliko gharama za bandarini za kontena moja lililokosa D.O. kwa wiki. Mpe hesabu hiyo kwa namba za kampuni yenu, ankara za bandari unazo.

Waandikie wafanyakazi mapema, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida: lini, nini kitabadilika, wafanye nini Jumatatu, wakupigie namba gani. Waambie wazi kwamba hutawatumia kiungo cha kubofya wala hutawaomba nywila. Wezi wa mtandaoni wanapenda sana ujumbe wa "sanduku lako linahamishwa, thibitisha nywila hapa", na wiki yenu ya kuhama ndiyo wiki ambayo mtu makini naye atabofya. Wateja pia waambiwe, kwa simu au kwa karatasi iliyopigwa mhuri, kwamba anwani zenu hazibadiliki na namba za akaunti za benki hazibadiliki. Yeyote atakayepokea barua ya kubadilisha akaunti apige simu kwanza, kwa namba aliyo nayo siku zote, asitumie iliyo kwenye barua hiyo. Katika biashara yenu ankara moja iliyogeuzwa akaunti inaweza kuwa ushuru wa kontena kadhaa.

Lakini kesho asubuhi, kabla ya daftari na kabla ya kuonana na bosi, fanya kitu kimoja. Tafuta nani ana nywila ya kuingia kwa msajili wa domeini yenu, na imeandikishwa kwa jina la nani. Kampuni nyingi hugundua kuwa domeini iko kwa jina la kijana aliyewatengenezea tovuti miaka ile, na barua za kukumbusha malipo zinakwenda kwa anwani yake ya zamani. Kama ni hivyo, rudisheni umiliki kwa kampuni kwanza, hata ikichukua wiki mbili, kwa sababu bila hiyo hutaweza kugusa MX, na mkataba na huyo kijana ukiharibika hakuna seva, ya zamani wala mpya, itakayopokea barua zenu. Niandikie ukishajua.